Maji Niliyomwaga Sondu

Kisumu, Milimani, chumba cha nyuma

Kwako Mama Akinyi, mke wa mwanangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mgongo wako unaendeleaje na kazi ya huko dala, boma la mume wangu ng'ambo ya ziwa? Kuku wangu unawafungia vizuri ama umewaachia mwewe? Mimi ni mzima, ila usingizi haunitaki. Akinyi wako ni mzima, anasoma. Kila siku ananiuliza mama anarudi lini, namwambia Jumamosi. Sasa hata yeye ameacha kuamini Jumamosi zangu.

Hii barua naandika kwa mkono wangu. Herufi zimelala, lakini sikutaka mtu mwingine anishikie kalamu, kwa maana ni maneno ya aibu. Na usicheke.

Nianze na gari. Ochieng alipokwisha kukurudisha huko na meli kwa sababu ya maneno yangu, kwamba ulimwaga maziwa ndani ya injini, alivuta gari mpaka kwa fundi mmoja wa Obunga. Nikaenda naye, nikakaa juu ya tairi nione hayo maziwa yako yakitoka. Fundi akachomoa kile kijiti cha kupimia oili, na oili ilikuwa nyeupe vile vile, kama chai ya wageni. Nikapiga mapaja. "Mmeona? Mke wake alisimama hapo na jagi asubuhi, boneti ikiwa wazi. Hakutaka gari iende kwetu tena!"

Fundi akainama. Akafungua rejeta, lile tangi la maji ya kupoza injini: oili inaelea juu ya maji kama mafuta kwa mchuzi. Akawasha injini: maji yanatoa mapovu, na nyuma moshi mweupe. Halafu akachota ile oili nyeupe kwa mkebe, akaweka juu ya jiko la makaa. Ikalia tatata, ikatoa mvuke, mwishowe ikarudi nyeusi.

"Mama," akasema, "umechemsha maziwa tangu lini?"

"Tangu mama yako hajazaliwa."

"Basi nusa."

Nikanusa. Mama Akinyi, maziwa yakiungua hata jirani anajua. Pale hapakuwa na harufu ya maziwa. Ilikuwa maji na oili tu.

Akafungua injini mbele yetu. Kile kichwa chake cha juu kimepinda. Aliweka rula juu yake, mwanga ukapita chini. Na gasketi, ile inayotenga njia ya maji na njia ya oili, imepasuka. Akamuuliza Ochieng, "Nani alimwaga maji baridi injini ikichemka?" Ochieng akasema hakuna mtu. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Sasa sikia kitu hujui. Siku ile tulienda Sondu, nilikozaliwa, gari ilichemka kabla ya daraja. Ochieng akaniambia, "Mama, usiguse kitu, tungoje ipoe," akaenda kumsalimu mwalimu wake wa zamani. Wanawake niliokua nao wakapita wakitoka kanisani. Mmoja akapaza sauti, "Dorina! Gari ya mwanao imekataa kwenu?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi, nirudi kwetu na gari ya mwanangu, halafu nikae kando ya barabara kama gunia? Nikateka ndoo ya maji ya mto, nikafunga leso mkononi, nikafungua rejeta, nikamwaga yote. Mvuke ukaniunguza. Chuma kikalia ndani, tii! Ochieng aliporudi nikamwambia imepoa yenyewe. Ikawaka, tukaingia Sondu, nikawapungia mkono.

Ule mkono ulioungua, nilikuambia ni sufuria. Wewe ndiwe uliyeupaka asali.

Sikujua maji yanaweza kupinda chuma. Hiyo ni kweli mbele ya Mungu. Lakini nilikusingizia nikijua sikuona ukimwaga kitu. Niliona jagi tu. Nyumba ina mtoto, itakosa jagi? Nilikuwa na hasira kwa sababu tuliporudi kutoka Sondu hukutoka nje kunishangilia. Ni hiyo tu. Na mwanangu akaniamini kwa sababu mimi ni mama yake.

Na wewe pia una makosa. Kwa nini ulinyamaza? Ulifunga nguo ukaenda kama kondoo. Mtu akikusingizia piga kelele! Lakini ni mimi niliyekufundisha, siku ya kwanza uliyotoka kwenu Maragoli, kwamba mama mkwe hajibiwi. Ni mimi.

Jana nilimwambia Ochieng yote. Hakugusa ugali. Akasema, "Mama, andika wewe kwanza. Mimi sijui nitaanzia wapi."

Msomee mke mwenzangu hapo dala barua hii kwa sauti. Yeye ndiye niliyemtumia maneno mabaya juu yako. Awaendee wote aliowaambia, nyumba kwa nyumba, ayafute. Nisalimie shemeji yangu mwenye ng'ombe, na yule mama mzee anayefagia kanisa, aniombee.

Ukitaka kurudi, Ochieng atakungoja bandarini. Usipotaka, nitapanda meli mimi mwenyewe, na kutapika kwangu kote kwa mawimbi. Nitasimama mbele ya nyumba yako mchana, watu wakiona, na sitakaa kwa kiti mpaka wewe useme karibu. Usiposema, nitasimama.

Ni mimi mama mkwe wako,
Dorina