Wifi Amenifanya Kibarua wa Shamba Langu

Mpendwa Mama Felistas, shikamoo. Naandika nikiwa bado sijatulia, naomba unipe akili kabla wageni hawajafika kwangu Jumamosi hii, maana za kwangu zimeniishia.

Mimi ni mjane, nalima wimbi na ndizi huku Nyanungu, Tarime, kwenye shamba alilotuachia marehemu mume wangu Werema, mimi na binti yetu Robi, na kila nikivuna natuma magunia Mwanza kwa wifi yangu Elieth, dada yake marehemu, kwa sababu ng'ombe wa mahari yake ndio waliotolewa kwetu nilipoolewa mimi, na kwetu Wakurya dada ambaye ng'ombe wake wamekuoa humnyimi chakula, kwa hiyo nilituma kwa moyo mweupe nikijua anakunywa uji na watoto wake. Mwezi huu nikaenda Mwanza kumwona mdogo wangu Gloria, naye akanipeleka kwenye soko la wakulima, lile ambalo mlanguzi haruhusiwi, anayeuza lazima awe ndiye aliyelima, na kwenye kipaza sauti wanalirudia hilo mpaka unachoka.

Nilikuwa nazunguka nafurahi kuona wakulima wenzangu wanavyoheshimiwa, mpaka nikafika kwenye meza moja yenye picha kubwa ya shamba, nikaona migomba yangu, nikaona msalaba wa kaburi la Werema, na kuinua macho ni Elieth, amevaa gambuti mpya, anawaambia wateja, "Hili shamba aliniachia marehemu kaka yangu. Nalilima kwa mikono yangu mwenyewe."

Mama, aliniona na wala hakushtuka. Mama mmoja wa kamati ya soko akamuuliza mimi ni nani, akajibu, "Huyu ni kibarua wangu wa kule Tarime, amekuja kunisalimia," yule mama akanigeukia, "Ni kweli, mama?" nami sijui ulimi wangu ulishikwa na nini, nikasema ndiyo, kwa sababu tumelelewa kwamba mwenye ng'ombe humkatalii mbele za watu. Yule mama akasema vizuri, basi kamati itakuja kukagua shamba, na hao ndio wageni wa Jumamosi.

Tulipojitenga nikamuuliza Elieth kwa nini amenifanyia hivi, akasema, "Wewe umeolewa na ng'ombe zangu. Sasa unacholima ni cha nani? Wakija, shika jembe lako unyamaze." Shemeji yangu Waitara, ndugu wa marehemu, naye anasema nikubali tu, hayo ni maneno ya sokoni, yatapita. Nikisema kweli Elieth atafukuzwa sokoni na ukoo utasema nimewakana ng'ombe walionioa, nikinyamaza nitakuwa kibarua mbele ya kaburi la mume wangu, na shamba lenyewe naona kama linaondoka. Nifanye nini?

Mjane wa Nyanungu

MAMA FELISTAS ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako niliisoma, nikaiweka chini, nikaenda kunywa maji, nikarudi kuisoma upya. Nilidhani nimeshayasikia yote ya mawifi. Kumbe bado. Mtu kaburi la kaka yake mwenyewe analiweka kwenye picha ya kuvutia wateja? Pole sana.

Sasa nikugombeze kidogo. Elieth alisema uongo, lakini aliyeutia muhuri ni wewe. Heshima si utumwa. Ungeweza kumheshimu wifi yako na bado ukasema jina lako.

Na huyo Waitara muulize: kama ni maneno ya sokoni, mbona yanapanda gari kuja Nyanungu? Wageni wakiondoka wakiwa wamesikia kwa kinywa chako kwamba shamba ni la Elieth, kesho akilitaka utamleta shahidi gani? Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hao ng'ombe wanaokutisha ndio wanaokutetea. Walitolewa ili uwe mke wa Werema na mwenye nyumba yake. Kibarua hatolewi ng'ombe, mwanangu, kibarua anapewa ujira wake jioni anaenda kwao. Elieth achague moja: ama ng'ombe wake walikuoa, ama wewe ni kibarua. Akikuita kibarua, yeye ndiye anayewakana ng'ombe wake.

Mpigie simu leo, usingoje Jumamosi. Mwambie utasema kweli, ili asije akasema umemvizia. Kama anaipenda biashara, meza iandikwe jina lako, uwe unakwenda kuuza mwenyewe, naye akusaidie kupima. Akikataa, magunia yasimame. Uji wa watoto wake utaendelea kuutuma, lakini wa kutosha chungu, si wa kutosha soko. Halafu nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na wazee wa ukoo, uwaombe wawepo shambani siku hiyo.

Kamati ikifika, uwe wa kwanza kusema: "Karibuni shambani kwangu. Huyu ni wifi yangu, ng'ombe wake ndio walionileta hapa." Hapo hujamvunjia mtu heshima, na hujadanganya.

Ukishindwa kulisema hilo kwa ajili yako, liseme kwa ajili ya Robi. Wageni watapanda gari lao waondoke, na yeye ndiye atakayebaki hapo, mtoto wa kibarua kwenye shamba la baba yake.