Sitazika Mgomba

Bwera

Kwa shemeji yangu Gracien,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na mkeo dada Wivine na kila anayelala chini ya paa lenu hapo Butembo. Miguu yako bado inavimba? Sisi huku tunashukuru, mvua imenyesha na kahawa iliyobaki imechanua. Naandika Kiswahili ili dada Wivine akusomee, kwa kuwa macho yako yamechoka, na yeye Kikonzo chetu hakimwingii hata umkalishe darasani. Dada, usinune, nakutania. Simu sikutaka, siku hizi simu zina masikio ya watu wengine. Barua nimempa Kavira muuza vitenge, maana anavuka mpaka wa Mpondwe kila wiki na wamemzoea.

Najua habari za Jumamosi zimekufikia kabla yangu, na najua zilivyokufikia: kwamba mke wa mdogo wako amerukwa na akili, amevunja msiba mbele ya ukoo na wageni. Basi sikiliza na upande wangu, kisha uhukumu.

Unajua mambo yalivyoanza. Waasi walipotoka msituni wakachoma nyumba kule juu, wanajeshi waliletwa kutulinda, nasi tuliwapokea kwa ndizi na maziwa. Waasi waliondoka, walinzi wakabaki. Wakaweka kambi kwenye kilima chetu, wakakata kahawa ya baba yenu wapate kuni. Siku ya mkutano wa kijiji mume wangu Blasio alisimama, kofia mkononi, akauliza kwa adabu wataondoka lini na kahawa atailipa nani, kwa kuwa kilima kina makaburi ya Wakonzo na hakuna Mkonzo aliyeulizwa. Watu walimpigia makofi. Kabla wiki haijaisha walimchukua mlangoni, ametoka kazini, mikono bado ina saruji. Nilipomfuata kambini, afande mmoja aliniambia, "Wewe mama, hapa hakuna mutu ya jina hiyo. Bwana yako iko Congo na waasi." Nikamuuliza, mbona viatu vyake viko hapo mlangoni penu? Akanifukuza. Wewe nawe ukavuka mpaka kwenda Butembo wiki ile ile, na sikulaumu, hata leo sikulaumu.

Huu ni mwaka wa tatu. Nimekwenda kila mahali penye bendera, kote jibu ni lile lile, yuko Congo. Ndipo nikampata wakili Amoding, mwanamke wa Teso mwenye ofisi Kasese, hana makuu wala haogopi mtu. Alifungua kesi Fort Portal, wanaomshikilia Blasio wamlete mbele ya jaji au waseme yuko wapi. Alinisomea sheria ya nchi hii ya Uganda: mtu akikamatwa apelekwe mahakamani kabla saa arobaini na nane hazijapita. Nami nilikuwa sijui, nilidhani tunaomba fadhili.

Mwezi uliopita akaja bwana mmoja wa serikali, na gari safi. Alimwambia baba mdogo Kosmasi kwamba wakubwa wanatuonea huruma, na kwamba mtu akipotea muda mrefu hivi desturi yetu inajua la kumfanyia. Tuzike mgomba badala yake, kama tunavyowazikia waliozama ziwani wasionekane, nao wataleta fahali wa kuchinja na mabati ya nyumba yangu. Shemeji, mtu wa serikali akianza kukufundisha desturi yako, mchunge. Hakuuliza desturi inasema nini juu ya kukata miti penye makaburi.

Amoding aliniambia kwa maneno machache: siku ukoo utakapozika mgomba, watamwambia jaji kwamba familia yenyewe imekubali, mtu alikufa kifo cha Mungu huko Congo, faili lifungwe. Nikampelekea Kosmasi maneno hayo. Akasema yeye ni mzee, anataka amani kabla hajafa, na mabati si kitu cha kutupa. Kisha akatoa simu, akatusikilizisha sauti yako. Ulisema tumzike mdogo wako apumzike, na Yunia naye apumzike. Nilikasirika, shemeji, nasema wazi. Nani alikuambia nimechoka?

Jumamosi wakakata mgomba, wakaufunga shuka jeupe, wakaulaza sebuleni kwangu. Watu walijaa. Bwana wa gari safi alikaa mbele kabisa pamoja na mpiga picha wake. Mimi nilikaa kando ya mgomba nikalia, maana kilio cha watu kinavuta. Lakini unajua, mgomba hautoki nyumbani mpaka mke anyolewe. Shangazi Musoki alipokuja na wembe na beseni la maji, nilishika kilemba changu kwa mikono miwili. Nikamwambia, shangazi, huyu si mume wangu, huu ni mgomba, niliupanda mwenyewe nyuma ya jiko. Wengine walicheka, Mungu awasamehe, nami nusura nicheke.

Wanaume wakasema nivuliwe kilemba kwa nguvu. Hapo wanawake wa sokoni waliokuja kunililia walisogea wakaketi kunizunguka, goti kwa goti. Wengi wao wana mume au mtoto aliyechukuliwa asirudi. Kosmasi alitisha, akabembeleza, akaketi. Mpiga picha akashusha kamera yake. Jioni bwana yule aliondoka, na fahali akarudishwa na pikapu ile ile iliyomleta. Mgomba tuliukatakata tukawapa mbuzi.

Sasa Kosmasi hanisemeshi, na njiani wananihurumia kwamba maskini, bado anamngoja mume. Shemeji, kaa vizuri. Dada Wivine, soma polepole.

Simngoji mume. Blasio amekufa, na nimejua tangu kabla ya Pasaka. Mwanamume mmoja aliyefungwa naye, ambaye sitaandika jina lake, alitoroka akanipitia shambani. Walikuwa chumba kimoja kambini. Blasio alipigwa kwa sababu alikataa kutia kidole kwenye karatasi ya kusema yeye ni mwasi. Alifia mikononi mwa mtu huyo, wakamtoa ndani ya turubai. Nilirudi nyumbani, nikafunga mlango, nikanyoa kichwa changu mwenyewe kwa wembe wa Blasio. Tangu hapo sijaziacha nywele ziote, hivyo chini ya kilemba hapakuwa na cha kunyoa. Shangazi angekivuta, wangesema kumbe anajua, kumbe ameshaomboleza, basi azike yaishe. Nimemlilia mume wangu bila sauti, na mbele za watu nimejifanya mjinga wa kungoja, na hilo limeniuma kuliko yote. Dada, kunywa maji kisha umalizie.

Sikatai kuzika. Nakataa kuzika mgomba wakati wao wanajua mwili waliuweka wapi. Mkonzo si kuku, afe asiulizwe.

Mtu huyo yuko hapo hapo Butembo. Kavira atakutajia kwa mdomo jina lake na nyumba anayolala. Amekubali kusema mbele ya jaji, ila anaogopa kuvuka peke yake, na ana haki ya kuogopa. Amoding atawasubiri upande wetu wa mpaka pamoja na watu wa haki za binadamu. Nataka uvuke naye. Nataka na wewe, mkubwa wa nyumba, usimame useme mbele ya jaji kwamba ile sauti ya kwenye simu umeifuta. Najua una hofu. Hata mimi gari likipunguza mwendo karibu na nyumba nazima taa. Lakini wazee walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo.

Nisalimie watoto, umkumbatie Wivine kwa ajili yangu, kusoma haya ni kazi nzito. Kavira ana kahawa kidogo ya miti iliyobaki, mnywe. Barua mkimaliza ichomeni jikoni. Ukiamua kubaki, baki salama, sitakuchukia, ila usinitumie sauti tena. Ukiamua kuja, tutaudai mwili wake mpaka wautoe, na siku hiyo tutachimba kaburi refu, unajua Blasio alivyokuwa na miguu.

Shemeji yako,
Yunia, mke wa Blasio