Kiti cha Bibi Jukwaani

Ziwa Tamarack, Maine
Ijumaa asubuhi, 22 Agosti 1958

Kaka mpendwa Armand,

Pokea salamu za nyumba nzima. Je, kile kikohozi cha vumbi la chuma kimekuacha? Na mama mwenye nyumba bado anakulisha viazi kila siku? Huku tu wazima. Mama anafua mashuka ya wageni wa kando ya ziwa. Baba mgongo unamsumbua tangu alipoyarudisha magati ya mbao majini barafu ilipoyeyuka, ila ukimuuliza atakwambia huo mgongo ni wa mtu mwingine.

Asiye sawa ni mimi. Barua hii nimeichana mara mbili. Masista walitufundisha Kifaransa asubuhi na Kiingereza mchana, na leo sioni hata lugha moja ya kusemea jambo hili.

Unajua kwamba kiangazi hiki nafanya kazi kwenye ule ukumbi wa michezo ambao chuo kinauendesha katika banda la zamani la mashua. Kila wiki mchezo mpya: mchana wanafunzi wanajifunza wa wiki ijayo, jioni wanacheza wa wiki hii, na Jumamosi wanaibomoa nyumba ya jukwaani waliyoijenga Jumatatu. Mimi nakaa nyuma ya pazia na kitabu, nikimnong'oneza anayesahau maneno. Kazi inanifaa, maana hakuna anayeniona. Wananiita Panya. Prescott, kijana wa Boston anayechekesha watu, kila siku ananiambia, "Panya, leo usinitupe, mama yangu yuko ukumbini." Mama yake hajaja hata siku moja. Usinicheke, Kaka, lakini nilifurahi kuwa na jina kwao.

Mchezo wa wiki hii una fundi seremala, kazi ile ile ya Baba, anayeitwa kutengeneza nyumba ya tajiri. Wiki iliyopita mazoezini Prescott alimcheza hadi Profesa Amory, anayewaongoza, akasema amewahi kuona mbao zenye uhai kuliko yule fundi. Lakini kufikia Jumatatu hii, fundi alikuwa hai kabisa.

Jukwaani kuna kile kiti cha Bibi cha kubembea. Desturi ya pale ni kuazima vyombo vya wenyeji, na mwenye chombo anapewa tiketi mbili za Alhamisi alasiri, na jina lake linapigwa chapa kwenye karatasi ya mchezo. Baba aliikunja ile karatasi akaitia katika kitabu cha sala. Jana alivaa suti ya harusi yake. Yeye na Mama walikaa safu ya tatu.

Prescott akaingia, kofia ameishika kwa mikono miwili kifuani. Akaibusu penseli kabla ya kuichomeka nyuma ya sikio. Akapima mlango kwa shubiri huku akihesabu kwa Kifaransa kwa mnong'ono. Kisha akakigonga kile kiti, akakiinamia na kukiomba radhi mara tatu. Watu walicheka hadi wengine wakawapiga majirani zao magotini. Mimi nilichungulia penye upenyo wa pazia. Baba naye alikuwa anacheka. Kisha mkono wake ukapanda sikioni, mahali penseli yake inapokaa, ukakuta hakuna kitu, ukashuka taratibu mapajani. Hakucheka tena.

Ndani ya gari, tukirudi nyumbani, Baba alisema yule kijana ni hodari. Baada ya muda akauliza mtoto wa Boston angemwona wapi mtu wa namna ile. Nikasema sijui, Baba, labda alimwona mahali. Akasema, "Labda."

Leo asubuhi bibi mmoja wa kule kwenye nyumba za wageni amekuja kuulizia ngazi yake iliyooza. Unajua Baba anavyopenda kutoka mwenyewe na kupiga soga na wateja. Safari hii alibaki jikoni. Akaniambia, "Nenda wewe, Fernande. Wewe unaongea vizuri." Penseli yake ilikuwa mfukoni.

Kaka, ni mimi niliyemfundisha Prescott. Jumamosi iliyopita alinibembeleza, "Panya, kwenu kuna mafundi tele, hebu nionyeshe mmoja." Nikapanda jukwaani kwa mara ya kwanza maishani, nikawa Baba. Wanafunzi walicheka. Profesa Amory akapiga makofi, akasema kumbe dhahabu imefichwa nyuma ya pazia. Nikarudia mara nne. Na hilo la kukiomba kiti radhi, Baba hajawahi kulifanya. Nililitunga mimi, ili wacheke zaidi.

Kesho alasiri ni onyesho la mwisho, kisha Baba atakuja na gari kuchukua kiti. Nitarudi naye. Ni maili tatu, na nataka nimwambie kabla hatujafika nyumbani. Barua hii naiposti sasa hivi, kabla moyo haujageuka. Jumapili ya wiki ijayo ukipiga simu pale dukani, muulize Baba habari za kiti. Akikuambia kipo mahali pake na akanyamaza, ujue niliogopa, na unilazimishe kumwambia.

Mama anakusalimu na anasema maharage ya Jumamosi hayana mlaji tangu uondoke. Salamu za Baba sikuziomba, nimeshindwa kumtazama.

Mdogo wako,
Fernande