Maige Naye Ahesabiwe

Mkuyuni, Mwanza
16 Agosti 1998

Mdogo wangu mpendwa Josephat,

Barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji yangu Selestina na watoto wote. Nimesikia mguu wako unauma tena asubuhi za baridi; uniandikie kama ile dawa niliyoituma imesaidia. Mimi sijambo. Macho yamepungua nguvu, lakini gazeti bado nalisoma, hata likiwa la juma lililopita.

Barua yako niliipokea, nikaisoma na kuirudia. Unasema wanao wamekuwa wakubwa, nyumba zimebanana katika boma la marehemu baba, na kwa desturi yetu huwezi kuhama kujenga boma lako mpaka mimi mkubwa nijenge kwanza. Hukunilaumu. Uliuliza tu kama ule mwaka wangu umekaribia kutimia. Nitakujibu, ila niruhusu nianzie mbali kidogo.

Ulikuwapo siku tuliyomzika Atieno huku ugenini, kwa sababu sikuwa na boma la kumzikia nyumbani. Mke wangu aligongwa na basi hapa sokoni akivuka barabara na beseni la dagaa, nami nikaapa kwamba sitapanda basi, hata la kuja nyumbani, mpaka pale alipoangukia papite mwaka mzima bila kuua mtu. Tangu hapo nimekuwa nikihesabu. Miaka yangu yote ya kupima pamba kwenye mizani ya ushirika ilinizoesha hesabu, na wanunuzi binafsi walipokuja na mizani zao, sisi wazee tukarudishwa majumbani, hivyo nafasi nilikuwa nayo. Biashara ilikuwa imefunguliwa, mabasi ya mitumba yakajaa, kila moja likikimbilia abiria wa mwenzake. Mwaka mmoja tulizika watu sita kutoka soko hili moja.

Walioanza kupunguza vifo hivyo ni wanawake wa sokoni, wakiongozwa na Ng'washi, muuza dagaa aliyekuwa akikaa ubavuni mwa Atieno. Unajua dereva akikuta matawi yamelazwa barabarani anaelewa kwamba mbele kuna gari limeharibika, anapunguza mwendo. Basi Ng'washi akawa analaza matawi kila asubuhi, wala gari bovu halikuwapo. Madereva walipunguza mwendo, wakatafuta gari wasilione, wakaona watu wanavuka. Siku moja dereva wa lori aitwaye Chenge alishuka akamwambia, mama, mnatuzoesha uongo. Lori langu likija kulala njiani kweli, nani ataamini matawi yangu? Ng'washi akamjibu kwamba gari bovu lipo, ni hilo hilo lake, maana breki zake zinalia tangu Butimba. Soko zima lilicheka, na Chenge mwenyewe akacheka. Hata hivyo alikuwa na haki, na Ng'washi aliliona hilo. Tulikwenda ofisi ya kata sote watatu. Nikawaeleza: mwaka wa kabla ya matawi walikufa sita; mwaka wa matawi, wawili. Tulizungushwa sana, lakini mwishowe tukaruhusiwa kuweka matuta barabarani. Chenge alibeba kokoto kwa lori lake, akakataa malipo. Matawi tukayaacha yafanye kazi yake ya zamani.

Mwezi uliopita alikuja afisa mmoja kutoka Dar es Salaam, mmoja wa wale wanaokusanya takwimu ili taifa lijue kama vifo vya barabarani vinapungua. Akatutangazia: Mkuyuni sokoni, mwaka mzima, sifuri. Watu wakapiga makofi. Ng'washi akanigeukia akasema, baba, kafunge mzigo, barabara imekuachia.

Josephat, nilitamani kunyamaza. Nilijua wewe na wanao mnangoja neno hilo. Lakini Maige, fundi viatu, aligongwa pale pale mwezi wa pili, akalazwa hospitali, akafa wiki chache baadaye. Walioandika waliandika siku ya ajali, alipokuwa bado anapumua, akabaki miongoni mwa majeruhi. Nikasimama nikasema Maige naye ahesabiwe. Afisa akasema utaratibu ndio huo, na tena, mzee, unatuharibia sifuri yetu. Nikamwambia mjane wa Maige yuko pale anauza nyanya, amfuate amweleze utaratibu. Alimtazama yule mama, akafuta sifuri, akaandika moja. Kabla ya kuondoka aliniuliza njia ya hospitali. Alisema kuanzia sasa atakuwa akipita huko pia, kila mji atakaokwenda.

Kwa hiyo mwaka haukutimia, ndugu yangu.

Jioni Ng'washi aliniuliza sasa nitafanya nini. Nikasema nitaanza kuhesabu upya. Akaniambia kwamba wao niliokuwa nikiwahesabu walivuka kila siku, mwaka wa vifo sita na mwaka wa vifo viwili, kwa kuwa kazi ilikuwa ng'ambo ya barabara. Ni mimi peke yangu niliyebaki upande mmoja.  Neno hilo nimekaa nalo mwezi mzima.

Basi nakuja. Nimekata tiketi ya Jumatatu, tarehe saba Septemba. Chenge alitaka kunipeleka kwa lori, lisiitwe basi, ili kiapo kisivunjike; nilimshukuru, nikakataa. Nakivunja nikijua nakivunja. Tafuta jogoo na shoka vya kufungulia boma kama desturi inavyotaka, tulijenge langu, na lako lifuate kabla ya mvua. Kwa kuwa mtu huingia boma jipya na mkewe, na Atieno hayupo, wazee watatuelekeza jinsi ya kuingia. Ng'washi atanisaidia kuhesabu hapa mpaka nirudi kuchukua vitu vyangu. Amesema mimi nilikuwa napoteza muda mwingi kwa kuandika vizuri.

Msalimie sana Selestina, na wazee wote wa kanisani wanaonikumbuka. Wajukuu waambie babu yao analeta dagaa.

Jambo moja la mwisho. Ukija kituoni kunipokea, usivuke kunikimbilia. Kaa upande wako uningoje. Safari hii mimi ndiye nitakayevuka.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Zadok Ogweno