Sufuria Hasi Nne

Mpendwa Bibi Sheikha, naomba msaada wako, maana mi niko karibu kuharibu harusi mbili bila kugusa hata mwiko. Najifunza kuandika programu za kompyuta, na akina mama wa Buyenzi wanaoazimisha sufuria za karamu walitupa kazi mi na binamu yangu Zayd, tuwawekee hesabu kwenye mashine, na we unajua tangu couvre-feu, marufuku ya kutoka usiku, ianze harusi zote zimehamia mchana, kila mutu anataka sufuria saa ileile, basi nikatengeneza struct, yaani kifurushi kimoja chenye jina la sufuria, ukubwa wake na idadi iliyobaki, nikaandika vyote private, vya ndani, Zayd akashindwa hata kuisoma idadi, nikakasirika nikaandika vyote public, wazi kwa kila sehemu ya programu, na sehemu ya Zayd ikampa bibi harusi Laila sufuria kubwa nane za Jumamosi hii, kisha ikampa bibi harusi mwingine, Nella, sita za Jumamosi ileile, na zote ni kumi tu! Mashine ikaandika zimebaki hasi nne. Mama Adélaïde, mkubwa wa kikundi, akaniuliza mbele ya watu, "Hasi nne inapikiwa pilau gani?" Amesema Ijumaa mashine inatoka. Mwalimu wangu Bonfils ananiambia "weka property", nami naitikia tu ndiyo, ndiyo, kumbe sielewi. Niache kazi hii?

Tahani, Buyenzi

Tahani, apana. Kuacha hakuna. Na hiyo ndiyo-ndiyo yako kwa mwalimu ukome nayo leo. Ulimwogopa nini, angekuuma?

Mi sikukaa darasani hata siku moja, kompyuta siijui, na barua yako nimesomewa mara mbili. Lakini stoo ya sufuria naijua, niliishika kabla ya Adélaïde. Mjukuu wangu, kwanza ulijenga stoo isiyo na dirisha. Kisha ukabomoa ukuta mzima. Hasira za namna hiyo nani alikufundisha?

Pale stoo unakuja dirishani, unauliza, "Kubwa zimebaki ngapi?" Unajibiwa, hata ukiwa mpita njia. Lakini mkono wako hauingii. Ukitaka sita unasema sita, na aliye ndani anatazama rafu kwanza. Zikiwa mbili anakuambia mbili, ulie usilie. Basi idadi iache ndani. Kuisoma, wafungulie wote: hilo ndilo dirisha, na nadhani ndiyo property ya Bonfils, kamuulize, safari hii bila kuitikia. Kuipunguza iwe kazi ya struct yenyewe, nayo ikague kabla ya kutoa. Zayd aombe dirishani kama watu wengine. Na usimnunie, we ndiye uliyemwachia rafu wazi.

Haya nilimwambia kwa mdomo siku ileile barua ilipofika. Sikungoja gazeti, harusi haingoji. Sasa wasomaji wangu kaeni vizuri.

Ijumaa, Tahani keshaandika upya, akina mama wamejaa, mi nipo mbele. Sufuria nane za Laila zimeshaandikwa. Adélaïde anaagiza, "Zayd, mpe Nella sita!"

Zayd anabonyeza. Mashine inaandika: Hazitoshi, zimebaki mbili.

"Rudia!"

Mbili.

"Mpe mia!"

Mbili!

Adélaïde, ambaye mi mwenyewe hajanisifu tangu nimjue, akapiga meza: "Hii ina kichwa kigumu kuliko changu! Inabaki!" Vigelegele vikapanda hadi watu wakatoka njiani kuuliza nani kaolewa. Na kwa kuwa alijua mapema, mama yake Nella akasogeza karamu hadi Jumapili, akapata zote kumi. Nimekula pilau siku mbili, na bado nina hamu.

Tahani, Adélaïde anakuita kwa hesabu ya viti. Nenda. Jenga ukuta kwanza, toboa dirisha, weka mtu mkali ndani. Na usipoelewa kitu, sema sielewi, kwa sauti, kama ulivyoniambia mi.