Kutetemeka kwa Martini

Arusha, 4 Juni 1985

Mama, shikamoo. Ya baba umfikishie. Mimi huku ni mzima, nawawaza ninyi tu.

Nimesikia Mwalimu Raphaeli wa kwaya hataki kinanda changu cha umeme kwenye harusi ya Hyasinta, eti kinalia kama nzi ndani ya kopo. Na wewe umemuunga mkono! Mama, dada ninaye mmoja tu. Nisipompigia mimi, atapigiwa na nani?

Nashughulikia kutetemeka. Juzi kutetemeka kulizidi mpaka wenzangu wa bendi wakatoka nje. Jana nikaongeza kasi, ndiyo kwanza napata raha.

Mwanao, Martini

Ganako, 11 Juni 1985

Mwanangu, marahaba. Sisi tunaendelea, mahindi yanakauka vizuri, ila barua yako imenivuruga. Unaandika u mzima, kumbe unatetemeka mpaka watu wanakukimbia! Ni homa au ni gongo? Na raha hiyo ni raha gani, ee Mungu wangu?

Namtuma baba yako mdogo Piusi na dawa. Kunywa yote mbele yake. Kinanda achana nacho.

Mama yako

Arusha, 20 Juni 1985

Mama, shikamoo, na pole kwa hofu. Baba mdogo alifika salama. Alinikaba mlangoni akaninywesha shubiri kabla hata ya kuitikia shikamoo yangu. Mpaka leo mate ni machungu.

Mama, kinachotetemeka ni kinanda! Ukibonyeza, sauti hutoka imenyooka, kavu, ndiye huyo nzi wa Mwalimu. Lakini kuna vitufe vya kuzungusha. Kimoja kinaitikisa sauti, kingine kinaamua itikisike kwa kasi gani, kingine ianze kutikisika lini. Nikizidisha inakuwa king'ora, nikipunguza nzi anarudi. Nataka ilie kama mtu aliyefurahi. Nisaidie basi: wewe ukipiga kigelegele, unaanzaje?

Mwanao, mzima wa afya

Ganako, 29 Juni 1985

Marahaba, we mtoto! Hatujambo. Nimecheka hadi baba yako akauliza kama homa imehamia kwangu.

Kigelegele huanzi na ulimi. Unatoa sauti iliyonyooka, unaishikilia, ndipo ulimi unaingia, polepole halafu mbio. Anayetetemeka tangu mwanzo huyo kafumaniwa.

Nimembembeleza Mwalimu. Amekubali wimbo mmoja tu, wa kutokea kanisani. Ukilia nzi, jenereta ya parokia inazimwa hapo hapo.

Mama yako

Ganako, 2 Agosti 1985

Mwanangu, u hali gani tangu uondoke? Mimi miguu bado inauma kwa kucheza harusini.

Unasema kiwiko kiliteleza. Haya. Mimi nilisikia hivi: padri kamuuliza Hyasinta kama anamkubali Apolinari, naye kainamisha kichwa, kimya, anaringa. Mara nyuma yangu sauti ikaanza, ikanyooka, ikakaa, ulimi ukaingia. Nikajua ni shangazi yako Cresensia huyo! Mimi mama mzazi nibaki nyuma? Nikapiga kigelegele, kanisa zima likapokea. Kugeuka, kumbe ni kinanda! Mwanangu, nilitaka kulia kwa furaha.

Mwalimu Raphaeli anauliza kama Krismasi utakuja nacho. Anajifanya anauliza kwa niaba ya wanakwaya.

Hyasinta anaapa kwamba alisema ndiyo. Apolinari anasema hakusikia kitu, ila ndiyo yetu sisi inamtosha.

Mama yako