Kinywaji cha Tabaka Alichokikoroga Babu

Moshono,
Arusha.
27 Desemba 2025

Mpendwa Shangazi Elirehema,

Shikamoo, Shangazi. Natumaini barua hii itakukuta salama huko Dubai, na kwamba mafua yaliyokushika mwezi uliopita yamekuachia. Sisi hapa nyumbani hatujambo. Bibi alikohoa sana mvua za vuli zilipoanza, lakini sasa amepona na anaamka kabla ya watu wote kama unavyomjua.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu dada Lilian, unayefanya naye kazi hotelini, yuko likizo kwao Kwa Mrombo na amekubali kuibeba. Tena simu ya Mama ikishikwa sebuleni kila mtu husikiliza, na haya ya leo nilitaka uyasome ukiwa umetulia.

Mtihani wa kidato cha pili nilimaliza salama. Hesabu zilinipa shida kidogo, ila fizikia niliipenda. Tunasubiri matokeo. Kahawa ya nyuma ya nyumba mwaka huu haikuwa nyingi, lakini Bibi alituwekea ya kutosha sisi wenyewe, akaikaanga kwa kuni, na harufu yake ikakaa kwenye mapazia kwa muda mrefu.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Mama ameniambia kwamba una likizo ya Pasaka, na kwamba ulimuuliza ukate tiketi ya kuja au ubaki huko. Ulimwambia huwezi kurudi kuketi katika nyumba ambamo baba yako hakusalimii. Sikukulaumu hata kidogo. Tangu ulipoanza kazi ya kaunta, Babu amekuwa akisema kwamba binti wa mzee wa kanisa hamiminii watu pombe, na simu yako ikiita anatoka kwenda kumwangalia ng'ombe. Baba mdogo Brayson husema ng'ombe wetu anakula majani mengi siku unazopiga simu kuliko wiki nzima.

Mimi nilifikiri hivi: Babu hajawahi kuiona kazi yako. Akilini mwake kuna watu wanaopiga kelele na chupa zinazoanguka. Lakini mimi niliiona kwenye ile video uliyomtumia Mama, ulipokuwa unatengeneza vile vinywaji vya sikukuu katika glasi ndogo, rangi moja imelala juu ya nyingine bila kuchanganyika. Mikono yako ilikuwa imetulia kama ya mtu anayeshona. Nikaamua nitamtengenezea kinywaji kama hicho siku ya Krismasi, bila pombe, aone.

Haikuwa rahisi. Mara ya kwanza niliweka juisi ya pasheni chini na maziwa juu. Maziwa yakakatika palepale, yakawa madonge. Mama akachungulia akasema, "Nancy, hicho ni kinywaji au ni dawa ya ndama?" Nikamwaga, nikaanza upya. Nikakumbuka darasani tulifundishwa kwamba kizito hukaa chini, na sukari nyingi ndiyo inayoongeza uzito. Basi nikachemsha kahawa ya Bibi na sukari mpaka ikawa shira nzito. Hiyo ikawa ya chini. Katikati nikaweka maziwa yenye sukari kidogo, niliyoyatia maji ya bitiruti yakawa ya waridi. Juu nikaweka krimu niliyoiengua kwenye maziwa yaliyolala. Kila tabaka nililimimina juu ya mgongo wa kijiko, kidogo kidogo, kama ulivyofanya wewe. Nikapata nyeusi, waridi na nyeupe. Laiti ungeona jinsi zilivyopendeza dirishani.

Siku ya Krismasi tulirudi kutoka kanisani, tukala pilau na nyama, na Bibi akapika loshoro ya mahindi na maziwa mgando kwa sababu Babu anasema sikukuu bila loshoro ni siku ya kawaida tu. Baada ya chakula nikatoka na sinia la glasi ndogo. Baba mdogo Brayson akaziona akasema, "Jamani, mbona tulishashiriki asubuhi? Mchungaji amesahau wengine?" Watu wakacheka, maana kweli zinafanana na vile vikombe vya meza ya Bwana. Babu hakucheka, nami nikaogopa kwamba jambo limeharibika kabla halijaanza.

Nikapiga goti nikampa ya kwanza. Akaiinua, akaitazama kwenye mwanga, akakunja uso. Halafu akachukua kijiko cha chai akaikoroga yote, mpaka ikawa rangi moja kama ya matope.

Unajua mwenyewe, Shangazi. Hapa kwetu kibuyu cha mgando hutikiswa vizuri kabla mzee hajamiminiwa. Ukimpa maziwa yaliyojitenga ni kama umempa yeye maji, na mazito umemwekea mwingine. Nilikuwa nimewaza sukari, uzito na rangi, na hilo sikuliwaza kabisa. Baba naye, alipoona mzee amekoroga, akakoroga yake. Wageni wawili wa kanisani wakafuata. Nilisimama na sinia langu nikiangalia kazi yangu yote ikigeuka matope, na machozi yakawa karibu.

Babu akanywa. "Ni tamu," akasema. "Lakini siku nyingine uyatikise kabla ya kunipa. Yalikuwa yamekatika."

Bibi ndiye aliyemjibu mumewe. "Hayakukatika, Baba Emmanuel. Mtoto ameyapanga."

"Ameyapanga?"

"Ameyapanga. Ndiyo kazi ya Elirehema."

Jina lako lilikuwa halijatajwa mbele yake kwa muda mrefu, na nilikuwa na hakika atasimama aende kwa ng'ombe. Akasimama kweli. Lakini akanigeukia mimi, akasema, "Kafanye nyingine. Nione."

Shangazi, Babu aliingia jikoni. Mama alishtuka akamfutia kiti, lakini yeye akaketi kwenye kigoda cha Bibi. Nilianza kumimina kwa haraka, na ya kwanza ikachanganyika. Nikaomba radhi. Akasema, "Polepole, mama. Hakuna anayekufukuza." Nikaanza nyingine. Shira ikatulia, waridi ikatulia juu yake, na krimu ikateleza kutoka kwenye kijiko ikalala. Babu akainama mpaka pua yake ikakaribia glasi.

"Na yeye anafanya hivi akiwa amesimama?" akauliza.

"Ndiyo, Babu. Mpaka zamu iishe."

"Na hawampi kiti?"

"Kaunta ni ndefu, Babu. Hawezi kukaa."

Akaizungusha glasi juu ya meza bila kuiinua. Kisha akasema, "Alivunjika kifundo cha mguu alipokuwa mdogo kuliko wewe. Alikuwa amenifuata juu ya mti wa parachichi. Siku za baridi kilikuwa kinamuuma." Sikujua habari hiyo. Nikamwambia sijui kama bado kinakuuma, lakini nitakuuliza. Basi nakuuliza, Shangazi, kwa niaba yake: kifundo kinakuuma?

Sitaki nikuongezee chumvi. Hakusema kwamba amekubali pombe. Alisema, "Pombe ni pombe, hilo simwachii. Lakini hii ni kazi." Halafu akaishika ile glasi kwa mikono miwili, akatoka nayo jikoni akitembea taratibu ili isichanganyike, akampelekea Bibi aione. Bibi hakuinywa mpaka jioni.

Jana hatukuzungumza juu yake tena. Leo asubuhi nikamsikia akimwambia Baba mdogo atoe magunia ya mahindi kwenye chumba chako. Baba mdogo akauliza, "Sasa niyapeleke wapi, Baba? Stoo imejaa." Babu akamjibu, "Popote. Siyo humo." Ninapoandika haya Baba mdogo bado anayaburuta koridoni na kulalamika, na Mama anafagia nyuma yake.

Mimi ni mtoto, siwezi kukuambia ufanye nini na tiketi yako. Nilitaka tu ujue yaliyotokea, kama yalivyotokea.

Wifi yako, Mama, anakusalimu na anasema kitenge alichokuahidi kipo kwa fundi. Baba anakusalimu. Baba mdogo Brayson anakusalimu, na anasema mgongo wake unauma kwa sababu yako. Bibi anakubusu na kukuombea kila usiku. Na Babu, nilipomwambia namwandikia Shangazi, alisema nikuandikie salamu zake, na neno moja: Pasaka yeye haendi popote, atakuwepo nyumbani. Nikamuuliza kama niongeze kitu. Akasema hapana, niandike hivyo hivyo.

Mungu akulinde usimamapo na ulalapo, akupe mwaka mpya wenye amani.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye sana,

Nancy